Gesi Isiyotaka Kuanguka

Shimo jeusi halinyonyi. Naanza na hilo kwa sababu kila baada ya muda inazuka klipu kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara, yenye muziki wa kutisha na sauti nzito, ikionyesha shimo jeusi likivuta nyota, sayari na chochote kilichokaa jirani. Mara ya mwisho niliiona kwenye grupu la wazazi wa shule, na mzazi mmoja akauliza kama bado kuna haja ya kumalizia ada ya muhula. Utani ulikuwa mzuri. Fizikia ilikuwa mbovu.

Lichukue Jua ulikandamize mpaka liwe shimo jeusi. Litabaki dude dogo tu, kutoka katikati hadi ukingoni kilomita 3 hivi. Dunia itaganda kwa baridi, hilo halina ubishi, lakini haitavutwa ndani. Itaendelea kuzunguka kwenye njia yake ile ile na mwaka utabaki na siku zake 365, kwa kuwa uzito ulioko katikati haujaongezeka hata gramu. Katikati ya galaksi yetu lipo shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi ya miaka mingi ya kufuatilia nyota zilizo jirani na shimo hilo. Mojawapo, inayoitwa S2, inamaliza mzunguko kwa miaka 16 hivi, kisha inaanza mwingine. Inapita karibu kabisa, inageuka, inakwenda zake.

Kwa hiyo swali la maana si kwa nini shimo jeusi linameza. Swali ni gesi inafikaje pale, wakati kila kanuni tunayoijua inaizuia isifike.

Fanya hesabu ya kidato cha tano. Kiasi cha mzunguko ilichonacho kila kilo ya gesi ni umbali wake kutoka katikati, ukizidishwa na mwendo wake. Wingu lililoko miaka ya nuru 3,000 kutoka katikati ya galaksi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja), likienda kilomita 200 kwa sekunde, lina 600,000 kwa vipimo hivyo. Wingu lililoko nusu mwaka wa nuru tu kutoka kwenye shimo jeusi, likienda kilomita 1,000 kwa sekunde, lina 500. Ili lile la kwanza lifike lilipo la pili, lazima lipokonywe karibu mzunguko wake wote, libakiwe na sehemu moja kati ya 1,200. Na hata hapo halijaanguka. Limefika mlangoni tu.

Hiyo ndiyo sababu mashimo meusi mengi yaliyoko kwenye galaksi za jirani yamekaa kimya. Machache ndiyo yanayolishwa, na galaksi zenye viini vya namna hiyo wanaastronomia wanaziita amilifu. Edward Fath aliona dalili ya kwanza mwaka 1908: galaksi ya NGC 1068 ilikuwa na mistari angavu kwenye mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi, mistari ya gesi iliyochemka, badala ya mwanga wa kawaida wa nyota. Mwaka 1943 Carl Seyfert akachapisha uchambuzi wa galaksi sita za aina hiyo na kuonyesha kwamba mistari hiyo imetanuka mno. Mstari ukitanuka, gesi inakwenda kasi nyingi tofauti kwa wakati mmoja. Kwenye galaksi za Seyfert ni kilomita maelfu kwa sekunde. Jina lake limebaki: mpaka leo zinaitwa galaksi za Seyfert.

Watu hudhani kiini kinachowaka hivyo lazima kiwe kinakula kwa pupa. Hapana. Kitu kinachoanguka kuelekea shimo jeusi kinaweza kutoa kama asilimia 10 ya maada yake ikiwa nishati. Kinu cha Jua, kinachounganisha hidrojeni, kinatoa asilimia 0.7 tu. Kiini kinachotoa mwanga sawa na Jua bilioni 25 kinatosheka na gesi ya uzito wa Jua moja kila miaka 55 au 60. Kwa galaksi yenye gesi ya mabilioni ya Jua, hicho ni chakula cha mgonjwa. Basi ghala limejaa, mlaji anahitaji kidogo, na bado mara nyingi analala njaa. Tatizo liko njiani.

Njia hiyo inaonekana. Mwalimu mmoja wa fizikia anayekaa Shangani alinionyesha kwenye laptop yake faili la galaksi ya NGC 1097, iliyoko miaka ya nuru milioni 45 hivi kutoka hapa. Alilipakua kutoka kwenye hifadhi ya wazi ya ESO, taasisi ya Ulaya yenye darubini nchini Chile. Faili lenyewe ni la gigabaiti kadhaa, na alilivuta kwa bando la usiku, kwa awamu, akiapa kila mtandao ulipokatika. Limetoka kwenye kifaa kiitwacho MUSE, ambacho kwa picha moja kinachukua spektra zipatazo 90,000. Yaani kila kitone cha picha kina upinde wake wa mvua uliochambuliwa.

Mwalimu alisogeza mshale wa kompyuta juu ya galaksi, nami nikawa natazama mchoro wa pembeni. Mstari mwekundu wa hidrojeni, ambao maabara huukuta kwenye nanomita 656.3, ulikuwa karibu na 659, maana galaksi nzima inasogea mbali nasi kwa kilomita 1,270 hivi kwa sekunde. Akasogeza mshale upande mmoja, mstari ukahama kulia kama nusu nanomita. Upande wa pili ukahama kushoto. Nusu nanomita ni kilomita zaidi ya 200 kwa sekunde: upande huu gesi inakwenda, upande ule inakuja. Huo ndio mzunguko wenyewe, uko mbele ya macho. Kisha akaniambia, "Sasa tafuta mahali ambapo haiji wala haiendi." Kama gesi yote ingekuwa inazunguka tu kwa utulivu, vitone hivyo vingejipanga mstari mnyoofu kupita katikati. Havikujipanga. Karibu na kiini mstari ulipinda, ukajikunja kama herufi S.

Pindo hilo ndilo lililoniamulia kuandika makala haya. Pale ndipo gesi inapovunja utaratibu. NGC 1097 ina boriti ya nyota iliyokatiza katikati yake, na boriti hiyo inapozunguka, mvutano wake unaigongesha gesi, unaipunguzia mzunguko na kuiacha iteremke. Inateremka hadi kwenye pete yenye upana wa takriban miaka ya nuru 5,000, na pale sehemu kubwa inakwama na kugeuka nyota changa. Ndani ya pete, nyuzi nyembamba za gesi na vumbi zinaendelea kujiviringa kuelekea kiini. Na penye kiini chenyewe, mwaka 1991, mwanaastronomia wa Brazil Thaisa Storchi-Bergmann aliukuta mstari ule ule wa hidrojeni umevimba na kugawanyika vilele viwili, alama ya sahani ya gesi inayozunguka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde: kilele kimoja ni cha gesi inayokuja kwetu, cha pili ni cha inayotukimbia. Mwaka 2015 kundi jingine likitumia ALMA, mtambo wa antena 66 kwenye jangwa la Atacama, lilipima kasi ya gesi baridi hapo hapo na kupata shimo jeusi la uzito wa Jua mara milioni 140.

Ziko njia nyingine za kupoteza mzunguko. NGC 1068 ile ya Fath imenishangaza zaidi. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller waligundua kwamba kiini chake kimejificha nyuma ya kitu kinene cha vumbi na gesi. Waliona mistari mipana kwa njia ya mwanga uliodunda pembeni. Kwa miaka 30 vitabu vikachora pete nene, nadhifu, imetulia. ALMA ilipoifikia, pete ilikuwepo kweli, lakini unadhifu haukuwepo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2019 vilionyesha gesi ya ndani inazunguka upande mmoja na ya nje upande wa pili. Mikondo miwili inayopingana haiwezi kudumu hivyo. Ikigusana inafutiana mzunguko, na iliyofutiwa inaanguka. Michoro ya vitabuni ilikuwa imesimamisha kitu kinachochemka.

Hapa nataka kuwa mkali kidogo, kwa sababu hata habari zinazoandikwa na watu makini huteleza. Utasoma kwamba "gesi imeonekana ikiingia" au "ikitoka" kwenye kiini fulani, tena kwa uhakika. Lakini spektra inatoa kitu kimoja tu: gesi inatusogelea au inatukimbia. Chukua doa linalotusogelea kwenye sahani ya galaksi iliyolala kiupande. Kama doa liko upande wa sahani ulio karibu nasi, kutusogelea kwake ni kutoka nje ya kiini. Kama liko upande wa mbali, kutusogelea kule kule ni kuingia ndani. Rangi ile ile, kasi ile ile, hitimisho linageuka kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote unapaswa kujua upande upi uko karibu, na hilo kwa kawaida linaamuliwa na vumbi: upande ambao vumbi linaonekana jeusi zaidi mbele ya mwanga wa nyota za katikati ndio ulio karibu. Jambo zima linategemea uchafu. Mtafiti akiukosea upande huo, analigeuza bomba zima la gesi.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa galaksi ya Circinus uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023, ulioongozwa na Takuma Izumi wa Japan. Circinus iko miaka ya nuru milioni 13 hivi, na kwa viwango vya angani huyo ni jirani wa mlango wa pili. Kundi hilo liliitazama kwa ALMA mpaka ndani ya miaka ya nuru michache kutoka kwenye shimo jeusi. Waliona gesi nzito ikiwa mbele ya kiini, ikikinga sehemu ya mwanga wake, na ile alama ya kukinga ilikuwa imehamia upande wa wekundu. Gesi iliyo mbele ya taa, kati yetu na taa, na inatukimbia: haina pengine pa kwenda ila kwenye taa. Hapo swali la upande wa karibu na wa mbali halina nafasi tena. Gesi inaingia.

Kisha wakapiga hesabu ya kinacholiwa, kwa kutumia mwangaza wa kiini. Chini ya asilimia 3 ya gesi inayoingia.

Sisi wa Mtwara tunajua maana ya namba ya namna hiyo. Gesi ikiondoka Madimba inapimwa, ikifika Kinyerezi inapimwa, na kama mita za pande mbili zingepishana kwa asilimia 97 nchi nzima ingetaka maelezo. Kwenye Circinus maelezo yapo: sehemu kubwa ya gesi iliyofika mlangoni inasukumwa nje tena, kwa nguvu ya mwanga na joto la kiini hicho hicho, ikiwa katika hali tofauti, nyingine imechanika hadi atomu na nyingine bado ni molekuli. Na sehemu kubwa ya hiyo inayosukumwa haina kasi ya kutosha kutoroka. Inapanda, inachoka, inarudi chini, inajiunga na msafara tena. Ile pete nene ya vitabuni huenda ndiyo hii: gesi iliyo katika kupanda na kushuka, ambayo kwa mbali inaonekana kama kitu kilichotulia.

Kwa maoni yangu, namba hiyo inapaswa kuwatuliza kidogo wenzetu wa modeli za kompyuta. Kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakihitaji mashimo meusi yafukuze gesi nje ya galaksi, vinginevyo galaksi kubwa kwenye kompyuta zao zinatengeneza nyota nyingi kuliko zinazoonekana angani. Kwa galaksi kubwa zenye michirizi mikali inayorushwa kutoka kwenye kiini, kama zile zilizo katikati ya makundi ya galaksi, ushahidi wa kupasha joto gesi ni mzuri. Lakini kwenye galaksi za Seyfert zilizo jirani, ambako tunaweza kutazama kwa karibu, tunachokikuta mara nyingi ni gesi inayosukumwa umbali mfupi na kurudi. Kusukuma na kufukuza ni mambo mawili. Tafiti nyingi zinapima mwendo wa gesi inayotoka, zinaukuta ni kilomita mia kadhaa kwa sekunde, kisha zinaruka moja kwa moja kwenye hitimisho la galaksi kufa, yaani kuacha kutengeneza nyota. Nionyeshwe kwanza kwamba gesi hiyo haikurudi.

Mabano kidogo. Vitu hivi vyote viko juu ya paa zetu. Mwezi wa Kumi na Moja, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, NGC 1068 inapita karibu na utosi wa Mtwara saa tano usiku, na NGC 1097 iko kusini yake. Mwezi wa Tano kusi likianza, galaksi ya Centaurus A inakuwa juu upande wa kusini, si mbali na Msalaba wa Kusini, na mwenye darubini ya mkononi anaweza kuiona kama ukungu kwenye fukwe za Msimbati, kusiko na taa nyingi. Circinus iko chini zaidi, imefichwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawazioni kabisa hizo mbili za mwisho. Na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa darubini za redio wa SKA. Kenya nayo imo. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo ya nchi tisa, na sijawahi kusikia mbunge yeyote akiliuliza.

Darubini kubwa ni ghali, sawa. Mada lakini hazina gharama. Mzunguko, mvutano na athari ya Doppler (kule kuhama kwa mstari kitu kikisogea) vimo tayari kwenye fizikia ya kidato cha tano na sita. Kinachokosekana ni maswali yenye namba za kweli. Ningependa kuona mtihani unaoanza na NGC 4258. Galaksi hiyo ina sahani nyembamba ya gesi yenye mvuke wa maji unaotoa mawimbi makali ya redio. Wajapani waliikuta mwaka 1993 ikienda kilomita 1,000 kwa sekunde, na mwaka 1995 ramani yake ilionyesha kasi ikipungua kwa umbali sawasawa na kanuni ya Kepler. Mpe mwanafunzi namba mbili: mwendo, kilomita 1,000 kwa sekunde, umbali, nusu mwaka wa nuru. Azidishe mwendo kwa mwendo, kisha kwa umbali, agawe kwa namba isiyobadilika ya mvutano ya Newton. Atapata Jua mara milioni 35. Wataalamu, kwa vipimo kamili, wanasema karibu milioni 40. Mstari mmoja wa hesabu, na mtoto wa Newala au Nachingwea ameshapima uzito wa shimo jeusi.

Hiyo ni sehemu (a). Wengi wangeishia hapo, na ndipo ningegombana nao. Sehemu (b) iwe galaksi ya M87. Mwaka 2011 mwendo wa nyota za M87 ulitoa uzito wa shimo jeusi wa Jua mara bilioni 6.6. Mwaka 2013 gesi ya galaksi hiyo hiyo, kwa kanuni ile ile, ikatoa bilioni 3.5. Mwaka 2019 mtandao wa darubini wa Event Horizon ulipotoa ile picha maarufu ya pete, namba ikawa bilioni 6.5. Gesi ilikuwa imesema nusu. Sehemu (c) iwe Centaurus A, ambako mwaka 2007 gesi ilitoa Jua mara milioni 45, na mwaka 2009 nyota zikatoa milioni 55, tofauti iliyomo ndani ya kosa la vipimo. Kanuni ni moja, kwa nini gesi iseme kweli huku na ikosee kule? Mwanafunzi aandike kwamba nyota haisukumwi na mwanga wala mchirizi, na gesi inasukumwa; kwamba gesi ikitibuka, au sahani yake ikiwa imelala tofauti na tulivyodhani, inaenda polepole kuliko mvutano unavyoitaka, na shimo linaonekana jepesi. Sehemu hiyo ningeipa alama nyingi kuliko (a).